Koo la Mtoto na Vali ya Moyo

Walimu, wauguzi, wazazi, asanteni kwa kuja. Naingia moja kwa moja, maana jambo hili la homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanzia kooni na kuishia moyoni, nimelisema mara nyingi na bado watoto wanafika kliniki vali za moyo, yaani milango inayopitisha damu, zikiwa zimeshakakamaa.

Mzazi ambaye mtoto wake anaumwa koo mara kwa mara huambiwa, "Kinga yake iko chini." Anauziwa unga wa mlonge, vidonge vya vitamini C, chupa ya kuongeza kinga. Mtoto ninayemzungumzia leo hana upungufu wa kinga hata kidogo. Kinga yake ina nguvu na kumbukumbu nzuri, na ndiyo inayomharibia moyo.

Tuanze kooni. Yuko bakteria anayeitwa streptokoko wa kundi A, anayekaa kwenye tonsesi. Mwilini mwake amevaa protini M, nyuzi ndefu zilizosokotwa kama kamba ya usumba. Chembe nyeupe za damu zikimwona hutengeneza kingamwili, yaani protini za ulinzi, za kuushika ule msokoto. Kingamwili haina macho, inapapasa. Ikikuta umbo linalofanana na lile iliyofundwa, inashika. Sasa moyo nao una nyuzi zilizosokotwa vivyo hivyo: miosini ya msuli wake, na protini za utando unaofunika vali. Kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya koo inanasa kwenye vali. Utando unavimba, chembe nyeupe za aina ya T zinapenya, vimishipa vya damu vinaota mahali pasipokuwa na mshipa, na mwisho panabaki kovu.

Vali inayoumia zaidi ni ya mitrali, mlango wenye pindo mbili upande wa kushoto wa moyo. Kwa mtu mzima mwenye afya hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6. Kingo zikigandana, uwazi unaweza kushuka hadi 1.5 au chini ya hapo, damu ikarundikana kwenye mapafu. Huyo ndiye mnayemwona analala ameegemea mito mitatu, akilala chali anakosa pumzi.

Kinachowapoteza wazazi ni muda. Homa ya baridi yabisi huja wiki 2 au 3 baada ya koo kuuma, na koo lenyewe limeshapona na kusahaulika. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anavimba goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Bibi anasema mtoto anakua. Shikamoo bibi, lakini kukua hakuvimbishi goti wala hakuleti homa.

Dalili nyingine mwalimu ndiye atakayeiona kwanza. Mtoto aliyekuwa na mwandiko mzuri anaanza kuchafua daftari. Kikombe kinamponyoka, uso unacheza, anaonekana mtukutu, anachapwa. Mpe vidole vyako viwili, mwambie avishike asiachie. Utahisi mkono wake unakaza na kulegea, unakaza na kulegea, kama anakamua ng'ombe. Huyo si mtukutu. Kingamwili zilezile zimefika kwenye ubongo, na zinaweza kuchelewa hata miezi kadhaa. Mpelekeni hospitali.

Najua kuna anayesema moyoni: kwetu mtoto wa namna hiyo hukatwa kimeo, na anapona. Hapana, jamani, hapa sitapita haraka. Koo la streptokoko hupoa lenyewe ndani ya siku 3 hadi 5, ukate usikate. Mkata kimeo anapewa sifa ya kitu ambacho kingetokea tu. Bakteria yuko kwenye tonsesi, kimeo hakina kosa, na kinga inaendelea kujifunza ule msokoto huku kidonda kikipona. Juu ya hapo umemwongezea mtoto hatari ya kutoka damu nyingi na ya pepopunda. Tangawizi na asali zinatuliza koo, mpeni, ila hazimuui bakteria huyu.

Inayomuua ni penisilini, na hadi leo bakteria huyu hajaweza kuishinda. Ukianza dawa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, unaizuia homa ya baridi yabisi. Ama sindano moja ya penisilini benzathini, ama vidonge kwa siku 10 kamili, siyo siku 3 eti kwa sababu ameanza kucheza. Mtoto mwenye kikohozi na mafua yanayotiririka, mara nyingi huyo ni kirusi, msimpe. Tunayemtafuta koo lake limeanza ghafla, ana homa, tezi za shingo zinauma ukizigusa, tonsesi zina usaha, na hakohoi.

Aliyekwisha kuugua homa hii anahitaji sindano hiyo ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka. Mzazi anauliza, mbona mtoto haumwi koo? Sindano haitibu kovu. Inamzuia bakteria asiiguse tena ile kumbukumbu, kwa sababu kila koo jipya linaiamsha na vali inaumizwa upya. Kule Gulu, Uganda, watoto na vijana 818 waliokuwa na vali zilizoanza kubadilika bila dalili walifuatiliwa miaka 2. Matokeo yalitoka 2021: kati ya waliochomwa kila wiki 4, walioendelea kuharibika ni 3. Kati ya wasiochomwa, 33.

Wauguzi, sindano hii inauma na watoto wanaikimbia kwa sababu ya namna tunavyoichoma. Dawa ni nzito, sindano nyembamba sana inaziba. Ipasheni kidogo bomba kati ya viganja, acheni spiriti ikauke, chomeni ndani ya msuli, sukumeni taratibu kwa dakika 2 au 3. Hakikisheni hamko kwenye mshipa. Adrenalini, dawa ya kumwokoa anayepata mzio mkali, iwe mezani: kwa mtu mzima miligramu 0.5, msuli wa paja. Na mgonjwa ambaye vali imebana sana au moyo umeshachoka, muulizeni daktari kwanza. Baadhi yao huzimia baada ya sindano kwa sababu ya moyo wenyewe, bila mzio wowote, na wanaweza kupewa vidonge vya kila siku badala yake.

Nilikusudia kuzungumzia lupus na kisukari aina ya kwanza, ambako kinga nayo hushambulia mwili wake, lakini muda umekwisha. Niseme moja tu kwa wakunga. Katika ujauzito damu huongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida, na vali iliyobana kimyakimya tangu utotoni hapo ndipo inapojionyesha. Mjamzito asiyeweza kulala chali, anayekohoa usiku na mapigo yanakimbia, msimwambie ni uzito wa mimba. Mwandikieni kipimo cha eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, siku hiyohiyo, hata kama kwa stethoskopu hamkusikia kitu.