Punguza matumizi ya bando: jinsi ya kuweka Firefox na uBlock Origin kwenye simu ya Android

Karibu, ndugu mtazamaji. Leo usinitazame tu, shika simu yako mkononi, maana kila ninachobonyeza mimi nataka na wewe ubonyeze. Tunabadilisha kivinjari, yaani ile programu unayofungulia tovuti. Wengi wetu wenye Android tunatumia Chrome, na tunaitumia kwa sababu tuliikuta kwenye simu siku tuliyoinunua.

Bando umenunua wewe, basi wewe ndiye uamue linakwenda wapi. Unapofungua habari moja fupi, simu haivuti maandishi ya habari peke yake. Inavuta na matangazo, inavuta video inayojicheza bila kuombwa, inavuta na vijiprogramu vinavyokufuatilia na kupeleka taarifa zako kwa kampuni ambazo hujawahi kusikia majina yake. Vyote hivyo vinakula MB zako. Tunachokwenda kufanya leo ni kuvizuia visishuke kabisa kwenye simu.

Kuna watu bado wanaelekezana wakawashe hali ya kupunguza data ndani ya Chrome. Usihangaike kuitafuta. Ilikuwepo, ila Google waliiondoa mwaka 2022 kwenye toleo la 100. Na Chrome ya simu haipokei viongezi, yaani zile programu ndogo zinazopachikwa kwenye kivinjari ili kukiongezea kazi. Hata kwenye kompyuta, ambako viongezi vinaruhusiwa, Chrome ilibadilisha kanuni zake, na kati ya 2024 na 2025 kizuia-matangazo maarufu kuliko vyote, uBlock Origin, kikazimwa humo. Google ni kampuni inayoishi kwa matangazo, kwa hiyo mimi sitegemei kivinjari chake kinisaidie kuyazuia.

Haya, tuanze. Kama una Wi-Fi karibu, ya kazini au ya jirani, ungana nayo kwanza, maana programu tunayopakua si ndogo. Fungua Play Store, tafuta Firefox, kivinjari ambacho kwenye Android kinakipokea hicho kizuia-matangazo, uBlock Origin. Kabla hujabonyeza kusakinisha, soma jina lililo chini ya jina la programu: liwe Mozilla. Zipo programu za kuiga zenye rangi zinazofanana, na macho yakiwa na haraka ni rahisi kupakua isiyo yenyewe. Ukishahakikisha, sakinisha.

Ikifunguka mara ya kwanza itakuuliza kama unataka iwe kivinjari chako kikuu. Kataa kwanza, tutarudi kwenye hilo baada ya kuiandaa. Itakuomba pia ufungue akaunti. Si lazima, ruka.

Sasa kazi yenyewe. Bonyeza nukta tatu za menyu, halafu palipoandikwa Extensions. Utaona orodha ya viongezi vinavyopendekezwa, na uBlock Origin huwa miongoni mwao. Bonyeza alama ya kujumlisha iliyo kando yake. Kitatokea kidirisha cha kuomba ruhusa ya kusoma data ya tovuti zote unazofungua. Ni ruhusa kubwa hiyo, na ni vizuri ukisita. Kiongezi cha aina hii hakiwezi kufanya kazi bila kuona ukurasa unataka kupakua nini, ndiyo maana swali la maana ni nani amekiandika. Hiki kimeandikwa na Raymond Hill. Msimbo wake, yaani maandishi ya kompyuta yanayoiunda programu, uko wazi kwa yeyote kuukagua, hauuzwi, na yeye mwenyewe hapokei hata michango ya fedha. Mimi hicho nakiruhusu kwa moyo mweupe. Kingine chochote chenye ruhusa kama hiyo, kipime kwanza. Na jina liwe kamili, uBlock Origin. Ipo tovuti nyingine inayotumia neno uBlock peke yake, na haihusiani na mradi huu.

Kubali. Kitakuuliza pia kama kitumike kwenye vichupo vya faragha, yaani kurasa zisizoweka historia, weka alama ya ndiyo. Kuanzia sasa hivi kinafanya kazi, huhitaji kukiwasha. Fungua tovuti yoyote ya habari unayoisoma kila siku uone. Ile picha ya kamari iliyokuwa inafunika nusu ya kioo haipo. Yale maandishi yaliyokuwa yanaruka chini kila tangazo linapoingia, sasa yametulia unayasoma.

Wengi wanaishia hapo, lakini kuna mpangilio mmoja ndani ya uBlock Origin ambao kwa mtu wa bando la siku ni dhahabu, na hausemwi sana. Rudi kwenye nukta tatu, Extensions, bonyeza uBlock Origin. Kitafunguka kidirisha chenye kitufe kikubwa cha duara cha kuwasha na kuzima. Chini kulia kuna alama ya magurudumu yenye meno, bonyeza hiyo. Unaingia kwenye mipangilio yake. Shuka mpaka kwenye mstari wa kuzuia picha na video zinazozidi ukubwa fulani, ambao kwa kawaida umewekwa KB 50. Uwekee alama. Baada ya hapo, picha yoyote kubwa kuliko KB 50 haishuki mpaka uiguse wewe. Mahali pake utaona kisanduku kitupu. Unataka kuiona, gusa. Huitaki, endelea kusoma.

Sikwambii ukiache hivyo siku zote. Ukiwa kwenye Wi-Fi kinaudhi, na kwa mtu anayenunua vitu mtandaoni kwa kutazama picha kitamchosha. Lakini wiki ya mwisho wa mwezi, bando likiwa limebaki kidogo na unatakiwa usome matangazo ya kazi au notisi za chuo, washa hiyo. Maandishi matupu hayali kitu.

Twende kwenye video zinazojicheza. Hili ni la Firefox yenyewe, si la kiongezi. Nukta tatu, ingia kwenye mipangilio, tafuta mipangilio ya tovuti, ndani yake utaona Autoplay. Chagua zuia sauti na video ukiwa kwenye data ya simu tu. Ukiwa kwenye Wi-Fi video zitajicheza kama kawaida, ukihamia kwenye laini zinanyamaza.

Sasa ndipo tunaifanya iwe kivinjari kikuu. Toka, ingia kwenye Mipangilio ya simu, Programu, kisha Programu chaguomsingi. Kwenye mstari wa kivinjari chagua Firefox. Simu za kampuni mbalimbali zinapanga menyu hizi tofauti, hivyo usipoziona, andika neno kivinjari kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio. Kuanzia leo kiungo ukitumiwa kwenye WhatsApp kitafunguka huku, kikiwa kimechujwa.

Ila Facebook na Instagram hazifuati. Zina kivinjari chao cha ndani, na kiungo ukikibonyeza humo hutoki kwenye programu, unadhani tu umetoka. Mwaka 2022 mtaalamu mmoja wa programu, Felix Krause, alionyesha kwamba programu hizo mbili zilikuwa zinapachika msimbo wao ndani ya tovuti za watu wengine unazozifungulia humo. Kwa hiyo jizoeze hivi: kiungo kikishafunguka ndani ya Facebook, bonyeza nukta tatu za juu, chagua kukifungua kwenye kivinjari cha nje. Hasa kama ukurasa unakuomba namba ya simu au nywila, usiandike chochote kabla hujatoka humo.

Nataka tukae kidogo kwenye arifa, kwa sababu jambo hili linawatesa wazee wetu. Mama anakupigia: simu yangu ina virusi, inaniandikia kila saa kwamba ina virusi kumi na tatu, bonyeza hapa kusafisha. Mara nyingi hakuna kirusi. Kilichotokea ni kwamba siku moja alifungua tovuti, pengine ya kutazama mpira au kupakua wimbo, ikamwambia bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Akabonyeza. Aliyoiruhusu ilikuwa ni ile tovuti kumtumia arifa wakati wowote, hata kivinjari kikiwa kimefungwa. Na kwa kuwa arifa hizo zinakuja na alama ya Chrome, anaamini ni simu yenyewe inayosema.

Dawa yake ni hii. Chukua simu ya mama, fungua Chrome, nukta tatu, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Pitia moja moja. Zile zenye majina ya herufi zisizosomeka, zuia bila kujiuliza. Ukimaliza, zima kabisa uwezo wa tovuti kuomba kutuma arifa, kwa sababu sijaona mzazi anayeuhitaji. Halafu mweleze, kwa upole na bila kumwaibisha, kwamba hakuna tovuti inayoweza kuhesabu virusi vya simu yake. Ukiweza, mwekee na Firefox kama tulivyofanya, maana uBlock Origin huzuia nyingi ya kurasa hizo zisifunguke kabisa.

Wapo watakaosema, simu yangu ni ya RAM GB 2, Firefox inaikwamisha. Ni kweli, kwenye simu ndogo Firefox ni nzito, na ukihama kwenda WhatsApp ukirudi unakuta ukurasa unajipakia upya. Kama ndivyo ilivyo kwako, jaribu Brave. Imejengwa juu ya msingi uleule wa Chrome, lakini kizuia-matangazo kimo ndani tayari, hupachiki chochote. Itakuonyesha mambo ya sarafu za kidijitali, yapuuze tu, hayakulazimishi.

Na Opera Mini? Naiheshimu. Wengi wetu tuliingia mtandaoni kwa Opera Mini kwenye vile visimu vya vitufe. Inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa: kwenye hali yake ya juu ya kubana data, ukurasa unapita kwanza kwenye seva za Opera, unabanwa huko, ndipo unaletwa kwako ukiwa mdogo. Ukiwa kijijini na mtandao unasuasua, hakuna kinachoifikia. Lakini kwa hali hiyo seva za Opera zinauona ukurasa kabla yako, kwa hiyo isitumike kwa benki, wala barua pepe, wala popote unapoandika nywila. Kusomea habari, sawa.

Chrome usiifute, wala kwenye simu nyingi haifutiki. Iache kwa ajili ya tovuti za benki na za huduma za serikali, kwa sababu baadhi yake zimejaribiwa kwenye Chrome peke yake, na kwenye Firefox kitufe cha kutuma fomu kinaweza kugoma. Tovuti ikigoma, kwanza bonyeza lile duara kubwa la uBlock Origin kuizimia tovuti hiyo moja, pakia ukurasa upya. Ikiendelea kugoma, hamia Chrome umalize shughuli yako.

Duara hilo lina matumizi mengine ambayo nakuomba uyafikirie. Kuna waandishi wadogo wanaoandika kwa Kiswahili, mapishi, kilimo, uchambuzi wa mpira, na senti za matangazo ndizo zinazowalipia seva. Tovuti kama hiyo, ikiwa matangazo yake ni ya kiasi na hayakurukii usoni, izimie kizuizi. Mimi naona ni haki yao.

Mwenye iPhone, hatua hizi si zako. Nje ya Umoja wa Ulaya na Japani, Apple inavitaka vivinjari vyote vya iPhone vitumie injini yake, WebKit, yaani ile sehemu ya ndani inayochora kurasa, na Firefox ya huko haipokei viongezi. Wewe baki na Safari, ingia App Store utafute uBlock Origin Lite, ipo tangu 2025, kisha iruhusu kwenye mipangilio ya Safari. Ni nyepesi kuliko ile kubwa, lakini inatosha.

Watu pia huniuliza kuhusu hali fiche, ile inayoitwa Incognito kwenye Chrome, kama inazuia kufuatiliwa. Hali fiche inafuta historia kwenye simu yako, basi. Tovuti inakuona, mtandao wako unajua umekwenda wapi. Google walishtakiwa Marekani mwaka 2020 kuhusu jambo hilihili, na mwaka 2024 wakakubali kufuta data nyingi walizokusanya kutoka kwa watu waliokuwa kwenye hali hiyo.

Ya mwisho, usiniamini kwa maneno, pima. Zima Wi-Fi, baki na data ya laini. Ingia kwenye Mipangilio ya simu, sehemu ya mtandao, matumizi ya data kwa kila programu. Andika kwenye karatasi namba iliyo mbele ya Chrome na iliyo mbele ya Firefox. Sasa chagua kurasa tano za habari, zifungue kwenye Chrome, kila moja uishushe mpaka chini. Kisha zifungue kurasa zilezile tano kwenye Firefox, kwa namna ileile. Usifungue kitu kingine katikati. Rudi kwenye matumizi ya data, soma namba mpya, na kwa kila kivinjari toa ile ya kwanza. Niandikie hapo chini umepata ngapi na ngapi, na utaje aina ya simu.