Mafuta ya taa yanayopotelea hewani: praimu, emalsheni na kanuni za Los Angeles

ZUHURA: Tuanze na hesabu. Mkandarasi anapiga praimu, yaani lami nyepesi ya kwanza inayopenya tabaka la msingi, ya MC-30 (lami iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa) kwenye barabara ya upana wa mita 7, lita 1 kwa kila mita ya mraba. Kilomita moja inakula lita 7,000. Kama asilimia 45 ni mafuta ya taa, hizo ni lita 3,150. Kaka Bakari, yanaishia wapi?

BAKARI: Mengi yanaishia hewani, dada. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, inakadiria kwamba lami za kundi la MC, zinazokauka kwa kasi ya wastani, hupoteza karibu asilimia 70 ya mafuta yake ndani ya miezi 3 hadi 4. Lita moja ya mafuta ya taa ina uzito wa kama kilo 0.8, kwa hiyo ni zaidi ya kilo 1,700 za mvuke kwa kilomita. Za RC, zinazokauka haraka na zinazozimuliwa kwa nafta au petroli, hupoteza asilimia 95, na sehemu kubwa huondoka siku ya kwanza.

ZUHURA: Mvuke huo ukichanganyika na oksidi za nitrojeni kutoka kwenye magari, jua likiwaka, inatokea ozoni, gesi inayodhuru mapafu, usawa wa pua zetu. Los Angeles wanaijua vizuri. Mji uko bondeni, milima inazuia hewa chafu isitoke.

BAKARI: Ndiyo maana South Coast AQMD, mamlaka ya hewa ya eneo lile, ina Kanuni 1108. Lami iliyozimuliwa ya kazi za barabara hairuhusiwi ikiwa zaidi ya asilimia 0.5 ya ujazo wake inageuka mvuke kwenye nyuzi 260 za Selsiasi au chini yake. Maabara wanakeneka mililita 200 (wanazichemsha na kukusanya mvuke uliopozwa), joto likifika 260 wanasoma silinda. Mafuta yakizidi mililita 1, mzigo umefeli. MC-30 inatoa makumi ya mililita.

ZUHURA: Basi watu wakahamia emalsheni, yaani lami iliyotawanywa ndani ya maji kwa matone madogo. Ila nazo nyingine huongezewa mafuta ili zipenye.

BAKARI: Na hilo limezibwa. Kanuni 1108.1 inaziwekea kikomo cha asilimia 3, joto lile lile la 260.

ZUHURA: Mwongozo wa EPA wa 1977 ulikuwa mlegevu zaidi. Uliacha nafasi ya kusamehe praimu inayopenya, kazi ya baridi chini ya nyuzi 10, na mchanganyiko wa kurundikwa zaidi ya mwezi. Msamaha wa praimu unanisumbua, kwa sababu Kenya na Tanzania MC-30 inatumika hasa kwenye praimu.

BAKARI: Tuwe wa haki, sababu ya kiufundi ipo. Mafuta ya taa hupeleka lami ndani ya tabaka la msingi. Ukichukua K1-60, emalsheni ya takikoti (lami nyembamba ya kugandisha tabaka mbili), ukaipiga kama praimu, inavunjika haraka, yaani lami inajitenga na maji, na kubaki juu kama ngozi. Lori la kwanza linaing'oa kwa tairi.

ZUHURA: Kwa hiyo fundi afanye nini?

BAKARI: Aagize emalsheni inayovunjika polepole. Afagie vumbi, alowanishe uso kidogo bila madimbwi. Akiizimua, amimine maji ndani ya emalsheni polepole. Akigeuza, inaweza kuvunjikia tangini. Msingi ukiwa umeshikana sana, kupiga juu hakutoshi. Aichanganye na milimita 25 hadi 50 za juu kabla ya kushindilia mara ya mwisho.

ZUHURA: Na kiasi? Wengi hubaki na kipimo cha MC-30.

BAKARI: Ahesabu lami inayobaki. Emalsheni ya asilimia 60 ikizimuliwa nusu kwa nusu inabaki na asilimia 30 tu. Lita 1 kwa mita ya mraba inaacha lita 0.3 ya lami. Akitaka zaidi, apige mara mbili. Kiasi kwenye uso athibitishe kwa trei ya mita 1 ya mraba: aipime uzito, gari la kunyunyizia lipite, aipime tena.

ZUHURA: Nozeli nazo, yaani matundu ya kunyunyizia?

BAKARI: Tanki lililobeba emalsheni ya anioniki (matone yenye chaji hasi) lisafishwe kabisa kabla ya kutia ya kationiki (chaji chanya). Zikikutana zinaganda, nozeli zinaziba, barabara inatoka na mistari mikavu.

ZUHURA: Mvua je?

BAKARI: Rangi ikiwa bado kahawia, haijavunjika, na mvua itaipeleka mtaroni. Wingu likionekana, usipige. Ikishakuwa nyeusi, subiri maji yatoke ndipo uruhusu magari.

ZUHURA: Na kwa anayeandika zabuni: kutaja "emalsheni" peke yake hakutoshi. Aandike kikomo cha mafuta kwenye nyuzi 260, na adai cheti cha maabara kwa kila mzigo.