Saa 72 zisiishie kwa kikao

FURAHA: Karibuni tena batu ya Bukavu na benye banatusikiliza toka mbali. Mi nilifundishaka shule moja hapa mjini, sitaitaja. Siku ya pili asubuhi mwanafunzi akaniambia mwalimu mwenzetu alimubaka jana yake magaribi. Prefe, mkubwa wa shule, akaita kikao, baba akaitwa, bajomba bakaitwa, mchungaji naye, bakakaa mpaka siku ya tano banajadili mwalimu alipe familia mbuzi ngapi na faranga ngapi.

BAHATI: Na mtoto mwenyewe?

FURAHA: Alikuwa nyumbani tu, hakuna mwenye alimupeleka hopitali. Na mimi nilingojea prefe aseme kwanza, Bahati, hiyo inaniuma mpaka leo.

BAHATI: Pole Ya Furaha. Elezea batu basi juu ya zile saa.

FURAHA: Saa 72, ni siku tatu. Ndani yake daktari anapatia dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi, inamezwa siku 28, na ikianza mapema njo muzuri zaidi, zikipita haipewi tena. Ya kuzuia mimba inaenda mpaka siku tano lakini kadiri unakawia nguvu inapunguka. Sasa unaelewa, kile kikao cha mbuzi kilikula dawa ya mtoto. Na tafazali bamama, mtoto asioge kwanza, nguo msifue, wekeni ndani ya mfuko wa karatasi, plastiki inaharibu alama za ushahidi. Hata kama siku zimepita aende tu, kungali matunzo mengine.

BAHATI: Bazazi bengi banaogopa fakture ya hopitali.

FURAHA: Kwa hopitali ya Panzi hapa Bukavu, ile ya Daktari Mukwege, bamama na batoto benye bametendewa huu ubaya hawalipi, na pale pale kuko mwenye atakusikiliza na mwenye atakusaidia mambo ya sheria. Kijana mwanaume pia apelekwe, hao tunawasahau sana juu banaona haya mara mbili.

BAHATI: Kwa sheria, ile ya 2006 ya ubakaji iko wazi, chini ya miaka 18 usiniambie «alikubali», na kwa ile ya 2009 ya kulinda batoto kifungo ni miaka 7 mpaka 20, faranga haizimi kesi. Najua tangu mji uchukuliwe na baasi ba M23 mwezi wa pili 2025 mambo ya tribinali ni shida kubwa, lakini karatasi ya daktari muichunge vizuri, itangojea.

FURAHA: Halafu kuko hii yenye inanikasirisha: mtoto njo anahamishwa shule! Mwalimu anabaki na chaki yake na pointi za bengine. Mi nasema mwalimu atoke darasani siku ile ile, mtoto abakie kwa banki yake ya darasani kama anataka, bamwandikie masomo yenye alikosa, interro, ile mitihani midogo, afanye akiwa tayari, na mambo yake yajulikane na batu babili batatu, isiwe chumba cha balimu kizima.

BAHATI: Na mwenye ataambiwa wa kwanza aseme nini?

FURAHA: «Nakuamini, haiko kosa yako, twende.» Asimuulize alivaa nini, asimurudilishe kueleza mara tano.

BAHATI: Lakini kutoka mtaa wa Kadutu kwenda Panzi usiku, na mfuko mtupu...

FURAHA: Njo maana kwetu sasa tulichanga, kuko bahasha kwa sekretere, pesa ya pikipiki ya kwenda na kurudi kwa batu babili. Haiguswi kwa kitu ingine.