Freddie Mercury nje ya Queen: albamu ya 1985

Mabibi na mabwana, habari za Farrokh Bulsara, ndiye Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Uingereza Queen, kuzaliwa Unguja mwaka 1946, na familia yake kuhama baada ya Mapinduzi ya 1964, mmeshazisikia sana. Leo naomba tuisikilize albamu ambayo hata wapenzi wake huiruka, Mr. Bad Guy, iliyotoka Aprili 1985.

Haikuzaliwa na ugomvi ndani ya bendi. Roger Taylor, mpiga ngoma wa Queen, alikuwa ameshatoa albamu yake mwaka 1981, na Brian May, mpiga gitaa wao, alirekodi na rafiki zake mwaka 1983. Freddie alikuwa amechelewa tu. Alirekodi Munich, katika studio ya Musicland, akiwa na Reinhold Mack, mtayarishaji ambaye Queen walishamzoea. Kazi ilivutika karibu miaka miwili kwa sababu aliifanya kila bendi ilipompa nafasi. Nyimbo 11, zote tungo zake. Mmoja wao, There Must Be More to Life Than This, alikuwa ameujaribu na Michael Jackson; waliouimba pamoja ulikuja kutolewa rasmi mwaka 2014, wote wawili wakiwa wameshafariki.

Uingereza albamu ilifika nafasi ya 6. Marekani iliishia ya 159.

Wengi husema iliponzwa na disko na vinanda vya umeme. Mimi sikubali. Queen wenyewe walishapiga disko, wakauza sana. Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni mtu wa kumbishia. Ndani ya Queen kulikuwa na watunzi wanne, na kila wimbo ulipita kwenye masikio manne makali kabla ya kutoka. Munich alikuwa na wapigaji hodari, lakini waliitwa kumpigia yeye.

Chukueni wimbo Made in Heaven. Mwaka 1985 muziki unamfuata Freddie hatua kwa hatua. Akipanda nao unapanda. Baada ya kifo chake wenzake waliichukua sauti ileile, wakaupiga upya kwa albamu ya Queen ya 1995. Gitaa la Brian linamjibu, wakati mwingine linamzidi nguvu, na ghafla sauti ina kitu cha kushindana nacho. Mwimbaji hakuongeza neno hata moja.

Lakini wimbo Living on My Own ni habari nyingine, na hapa naitetea albamu kwa moyo wangu wote. Mwaka 1985 Uingereza uliishia nafasi ya 50. Mwaka 1993, mwenyewe hayupo, ulifanyiwa rimiksi ya kuchezeka kwenye kumbi, ukashika namba moja. Nafurahi ulifika huko, ila rimiksi ile imeufunika upweke wake. Katika ule wa kwanza kuna mahali anaacha maneno kabisa, sauti inarukaruka kama ya waimbaji wa jazi, anacheka na kulia humohumo. Hapo hakuhitaji wa kumbishia.

Naomba fundi atuwekee huo wa 1985, wote hadi mwisho, kisha tuingie kwenye maswali.