Tafuta Ulipo Ziwani kwa Redio ya Betri

Karibuni tena. Leo niko mwaloni Kirumba, na mkononi nina redio ya betri, hii hii ya kusikilizia mpira. Simu ikizima ziwani, GPS nayo ndiyo basi. Hapo redio hii inaweza kukuonyesha mnara uko upande gani. Jambo lenyewe si geni: kabla ya setilaiti, meli zilitafuta njia kwa minara ya redio ya nchi kavu. Mitambo ya Marekani ya namna hiyo, iliyoitwa Loran-C, ilizimwa mwaka 2010 tu.

Weka AM, FM haitufai hapa. Tafuta kituo ambacho unajua mnara wake ulipo. Antena ya nje iache imelala. Nafungua mfuniko muone mwenye kazi: kijiti hiki cheusi, kimezungushiwa waya mwembamba, kimelala kwa urefu wa redio.

Sasa shika redio kijiti kikiwa kimelala, uizungushe taratibu. Sikilizeni... sauti inashuka, inashuka... hapo! Imebaki mikwaruzo. Wengi hutafuta pale inapopaza zaidi. Wanakosea, maana sauti kubwa haibadiliki upesi ukigeuza redio, lakini pale inapofifia ni padogo sana. Hapo ncha ya kijiti imeelekea mnara.

Ncha ipi, ya mbele au ya nyuma? Redio haijui. Unajua wewe, uliyeondoka asubuhi ukiiacha Mwanza mgongoni.

Soma dira, ila usiiweke karibu na redio! Spika ina sumaku. Mimi niliwahi kuibandika juu yake, nikawa naelekea Ukerewe huku nawaambia wenzangu tunarudi nyumbani.

Tuseme umesoma digrii 120. Kwenye ramani, anzia mnarani, chora mstari kwenda upande wa kinyume, yaani digrii 300. Uko mahali fulani juu ya mstari huo. Rudia kwa kituo cha pili. Mistari inapokatana, ndipo ulipo. Chagua minara iliyoachana vizuri, kwani mistari ikikaribia kulala pamoja, kosa dogo litakupeleka mbali.

Wavuvi wa dagaa najua mtauliza: na usiku je? Usiku mawimbi ya redio hurudi pia kutoka angani, yakachanganyika na yanayopita chini, na ile sehemu ya kufifia haishikiki. Pimeni mchana.

Anzeni mazoezi nchi kavu, mnara mkiuona kwa macho. Ncha ikikataa kuuelekea, ondokeni karibu na mabati na nyaya za umeme, mzungushe tena.