Okoa Gemu Zako za PSP Mashine Ikiwa Bado Hai

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo nipo nyumbani Kirumba, Mwanza, na mezani nina PSP, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, diski yake moja ndogo ya gemu inayoitwa UMD, waya wa USB, kompyuta na simu ya Android. Tunaitoa gemu kwenye hii diski na kuiweka mahali ambapo itachezeka hata siku PSP ikigoma kuwaka kabisa.

Kwa nini tusisubiri? Maduka yanafungwa, ndugu zangu. Mwaka 2021 Sony ilikomesha kabisa ununuzi wa gemu kupitia PSP yenyewe. Machi 27, 2023 Nintendo ikaacha kuuza gemu kwenye maduka ya mtandaoni ya mashine zake za 3DS na Wii U. Julai 29, 2024 Microsoft nayo ikafunga duka la Xbox 360. Waliokwisha kununua waliachiwa nafasi ya kupakua tena, lakini ufunguo anao mwenye duka. Ukinunua gemu mtandaoni unapewa leseni tu. Jimbo la California kule Marekani lina sheria, ilianza kazi 2025, inayolitaka duka limweleze mnunuzi hivyo waziwazi. Sisi tuliotembea kwa miguu ili nauli ya daladala igeuke pesa ya gemu, hakuna aliyetueleza.

Haya, tuanze na betri. Itoe, ilaze mezani, iguseguse kona kwa kidole. Ikitulia, ni nzima. Ikiyumba kama mtumbwi, imevimba; usiichaji tena na usiitoboe. PSP inawaka kwa chaja peke yake bila betri, ila kumbuka umeme wetu. Mwaka jana nilikuwa nanakili bila betri, umeme ukakatika, PSP ikazima pamoja na kompyuta yangu ya mezani. Uliporudi nikakuta faili limelala kwenye folda, ukubwa wake kamili, nikajua kazi imeisha. Kumbe ndani lilikuwa nusu. Niligundua baada ya miezi, na diski nilishamrudishia mwenyewe. Tafuta betri nzima, hata ya kuazima.

Waya ni mini-USB, kichwa chake ni kinene kuliko ule wa simu za zamani. Wangu niliupata kwa fundi simu, kwenye boksi la nyaya alizotaka kutupa.

Sasa PSP. Yangu ina ARK-4, programu endeshi iliyotengenezwa na wapenzi wa mashine hii. Kuiweka kunahitaji video yake, kwa hiyo hapa nachukulia kwamba unayo tayari. Weka diski. Ukiwa kwenye menyu kuu bonyeza SELECT. Tazama, kinafunguka kidirisha. Tafuta mstari ulioandikwa "USB Device". Kwenye matoleo mengine umefichwa ndani ya menyu ya ziada. Ubadilishe usome "UMD Disc", toka, kisha nenda kwenye mipangilio uwashe muunganisho wa USB.

Geukia kompyuta. Imetokea kama flashi mpya, na ndani yake kuna faili moja la ISO. Hiyo ndiyo gemu nzima. Diski ya UMD haizidi takribani GB 1.8, kwa hiyo hata flashi ya kawaida inatosha. Likokote uliweke kwenye folda yako. Nasogeza maikrofoni karibu, sikiliza mlio wa diski ikizunguka. Mlio laini usiokatika ndio tunaoutaka. Ukisikia inakwaruza, inasimama, inaanza upya, simamisha, itoe, pangusa kwa kitambaa laini kile kidirisha cha nyuma, urudie.

Likishaingia, lipime. Hatua hii ndiyo ingeniokoa mwaka jana. Kwenye Windows fungua ule ukurasa mweusi wa amri, uandike certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA1. Utapata mstari wa herufi na tarakimu 40. Soma namba iliyochapwa kwenye diski, hii yangu inaanza na ULES, uitafute kwenye orodha ya Redump, ambako watu wameandika alama za diski walizozipima. Mistari ikilingana herufi kwa herufi, nakala yako ni kamili. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, nakili upya.

Bado hatujafika kwenye kitu ambacho huwezi kukinunua popote. Rudisha "USB Device" kwenye memori kadi, kisha nakili folda nzima ya PSP. Ndani yake kuna SAVEDATA, ndiko yalipo maendeleo yako yote. Gemu ulizonunua mtandaoni zipo kwenye GAME na leseni zake kwenye LICENSE. Zichukue zote pamoja. Hizo zimefungwa na akaunti yako, kwa hiyo nakala hiyo ni ya kurudisha kwenye PSP iliyoidhinishwa na akaunti hiyo. Usitegemee kuzipakua upya kwa Wi-Fi, maana PSP haielewi ulinzi wa WPA2 ambao ruta nyingi zinautumia.

Tuhamie kwenye simu. Emuleta yetu, yaani programu inayoiga PSP, ni PPSSPP, aliyoianzisha Henrik Rydgård na kuitoa 2012. Ni ya bure. Emuleta nyingi za PS2 zinakudai BIOS, yaani programu ya msingi ya mashine, uitoe kwenye mashine yako, hii haidai. Na emuleta si wizi: mwaka 2000 mahakama ya rufaa Marekani iliamua kwamba kampuni ya Connectix haikukosea kuichambua PlayStation ili itengeneze ya kwake. Kuchukua gemu ambayo hukuilipia ni jambo lingine, tafadhalini msiniombe linki.

Ifungue, ichagulie folda ya kuhifadhia. Weka ISO kwenye simu, kisha vilivyomo kwenye SAVEDATA yako uviweke ndani ya PSP/SAVEDATA ya emuleta. Gusa gemu.

Tazameni hii. Hii timu niliibadilisha jina mwaka 2011 nikaiita Kirumba, pamoja na kaka yangu. Namba tisa ni jina lake, aliliandika mwenyewe, akakosea herufi moja na tukaiacha. Bado ipo.

Nakala zangu ni mbili. Moja inabaki kwenye kompyuta. Ya pili ni flashi hii, ndani ya kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kwa sababu hewa ya ziwa inaingia kila mahali. Mara moja kwa mwaka naichomeka, napima tena zile alama 40. Jumapili naipeleka Buzuruga kwa mama mdogo, ikae kabatini kwake pamoja na vyeti vyetu vya shule.