Bibi Titi Mohamed: wasifu usiorukwa

Wazee wangu, mama zangu, vijana, assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni kwa kuja. Naijua foleni ya saa hizi, na mmekuja.

Kwenye misiba yetu mingi kuna saa ya kusoma wasifu wa marehemu. Watu wanatulia, ndugu mmoja anafungua karatasi. Alizaliwa, akasoma, akaoa au akaolewa, akaugua, ameacha watoto na wajukuu. Nimesikiliza wasifu mwingi, na karibu kila mara kuna mahali msomaji anaruka. Miaka kumi inapita kwa sentensi moja. Waliokaa mkekani wanajua kilichorukwa, wanainamisha macho.

Bibi Titi Mohamed ametutoka tarehe 5 Novemba 2000, akiwa matibabuni Johannesburg. Wasifu wake tunausoma kila mwaka, na kila mwaka tunaruka. Leo naomba nisiruke.

Alizaliwa mwaka 1926, hapa hapa Dar es Salaam. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji, sauti ya mbele katika kundi la ngoma lililoitwa Bomba. Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo wengi hupita mbio kana kwamba uimbaji ulikuwa mchezo wa ujanani kabla ya kazi yenyewe. Hapana. Kundi la ngoma la akina mama mjini lilikuwa na viongozi wake, michango yake, sare zake. Lilijua nani kajifungua, nani kafiwa, harusi ya nani inafuata. Ukimpata kiongozi mmoja wa ngoma, umeingia nyumba za mtaa mzima bila kubisha hodi.

Sasa iangalieni TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru wa Tanganyika. Imezaliwa tarehe 7 Julai 1954, waasisi 17, na wote ni wanaume. Mwaka mmoja kabla yake serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Karani akitaka kadi ya TANU alihesabu kwanza mshahara wake na ada za wanawe. Lakini mkewe, aliyekuwa akikaanga vitumbua asubuhi, hakuwa na barua ya ajira ya kunyang'anywa. Bibi Titi alikuwa na kadi namba 16. Mwaka 1955 alipokabidhiwa kuongoza akina mama wa chama, hakuanza na hotuba. Alikuwa hajawahi kuhutubia mkutano. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma, mmoja baada ya mwingine, akawaomba wawalete watu wao. Wakawaleta. Kisha akapanda majukwaani na sauti ile ile iliyokuwa ikiongoza nyimbo, akazunguka majimbo ya Tanganyika kueleza uhuru ni kitu gani.

Nasema hivi kwa uhakika: bila mtandao ule wa ngoma, TANU ya mjini ingechukua muda mrefu zaidi kuwa chama cha watu. Wale akina mama hawakuwa wapambe wa mkutano. Walikuwa wenye mkutano.

Uhuru ukaja, 1961. Mwaka uliofuata ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, naye akawa kiongozi wake wa kwanza. Akawa mbunge, akawa waziri mdogo. Mwaka 1965 akashindwa ubunge wa Rufiji. Haya yamo kwenye kila karatasi.

Sasa tunafika mahali pa kurukwa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha, tamko la TANU la siasa ya ujamaa, liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa nazo, hakukubaliana na sharti lile, akaachia nafasi yake katika Kamati Kuu. Unaweza kuona alikosea. Wako wazee humu ndani wanaoona hivyo, nami nawaheshimu. Ila mjiulize, mwanamke ambaye hakusoma sana, asiye na pensheni ya kutegemea, uzeeni angeshika nini kama si kodi ya nyumba?

Mwaka 1969 akakamatwa, akashtakiwa pamoja na wenzake kwa uhaini, kwamba walipanga kuipindua serikali. Alikana. Mahakama ikamtia hatiani, kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere akamwachia huru. Mwanamke aliyejaza viwanja vya mikutano akarudi mjini kwake, na mji ukawa kimya. Jina lake likatoka midomoni. Karibu miaka ishirini! Mpaka 1991, nchi ikiadhimisha miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama tawala likamtaja tena kuwa shujaa.

Baadaye akapewa barabara, ile inayopita Mnazi Mmoja. Nilipokuwa nafundisha niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu Bibi Titi ni nani. Kijana mmoja akajibu haraka, kwa heshima kabisa: "Ni kituo, mwalimu." Sikumlaumu. Hakuna aliyekuwa amemsomea.

Mungu amrehemu. Amina.

Nina ombi, kisha nishuke. Bomba haikuwa na mwimbaji peke yake. Kulikuwa na wapiga ngoma, waitikiaji, mshika fedha, waliotunza sare. Majina yao hayako barabarani wala vitabuni, yako majumbani mwenu. Pale mlangoni kuna meza, na juu yake daftari na kalamu mbili. Kama bibi yako alikuwa na kundi la ngoma miaka ile, liwe lolote, la mtaa wowote, andika jina lake na la kundi. Kama yupo hai, andika namna ya kumfikia, nimfuate mimi mwenyewe. Mama Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti.